Kwa nini wengi wetu waliokwenda kuishi Dubai wanarudi Mtwara na Lindi mikono mitupu?

#1 Dada wa Chuno (Mtwara Mjini)

Habari za jioni, wadau.

Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu baada ya wiki mbili familia yetu inakaa kikao na mimi ni mmoja wa watakaoulizwa. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 26, ameahidiwa kazi ya ulinzi Dubai kwa mshahara wa dirham 1,800 kwa mwezi, na wakala aliyempa ahadi hiyo anataka shilingi milioni tatu na nusu kabla ya kushughulikia viza. Fedha hizo hatuna. Kinachopendekezwa ni kuuza ekari tatu za mikorosho huko Newala, alizoziacha bibi yetu mzaa mama. Mjomba wetu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli katika mashamba ya ukoo, bado hajasema ndiyo wala hapana.

Siulizi kama Dubai ni pazuri. Picha za Burj Khalifa na mita zake 828 tumeziona wote. Nimejaribu kuwahesabu watu ninaowafahamu mwenyewe, kutoka Mtwara Mjini, Newala na Lindi, waliokwenda kuishi huko kwa kazi, nikapata tisa. Saba wamerudi baada ya mkataba mmoja au miwili, na kati ya hao saba ni mmoja tu ambaye naweza kukionyesha kwa kidole alichorudi nacho. Kwa nini iwe hivyo? Ni mshahara, ni mawakala, ni sisi ndugu zao, au mji wenyewe una jambo ambalo sisi tulioko huku hatulioni?

#2 Mlinzi wa Zamani (Lindi)

Dada, kama hujanihesabu katika hao saba, basi nihesabu, mfike wanane. Nilikwenda mwaka 2015 nikarudi baada ya miaka minne. Jibu langu ni neno moja: deni.

Nilikopa milioni tatu kwa mtu anayekopesha kwa riba, nikamlipa wakala, nikaondoka nikiwa na begi moja. Mshahara wangu ulikuwa dirham 1,500 na malazi yalikuwa ya kampuni. Tulilala wanane katika chumba kimoja huko Muhaisnah, mahali ambapo wafanyakazi wengi hupaita Sonapur. Chakula kilichukua 400 hata nilipojibana, simu 60, deni 600, na nyumbani nilituma 300. Zinazobaki hesabu mwenyewe. Mwaka mzima wa kwanza nilimfanyia kazi mkopeshaji wa Lindi, nikiwa nimesimama mlangoni mwa jengo la watu wa Dubai. Deni lilipokwisha nilikuwa nimechoka, na wazazi walikuwa wamekwisha kuzoea kwamba mimi ni mtu wa 300.

#3 Mhasibu wa Ligula

Nashukuru kwa uzi huu. Naomba kwanza tuziweke hesabu mahali pake.

Tangu mwaka 1997 dirham imefungwa kwa dola ya Marekani, dola moja kwa dirham 3.6725, kwa hiyo anayetaka kujua thamani ya dirham hana budi kuiangalia dola. Dola ikiwa shilingi 2,500, dirham moja ni karibu shilingi 680, na mshahara wa 1,800 ni kama shilingi 1,224,000. Mshahara huo haukatwi kodi ya mapato. Hapa Mtwara mlinzi akipewa robo ya fedha hizo anaona amepata mahali pa kushika.

Hapo ndipo ninapoona chanzo. Mtu huhesabu mapato yake kwa bei ya Dubai na matumizi yake kwa bei ya Soko Kuu la Mtwara. Akisikia milioni moja na laki mbili, moyoni anaziona katika matofali na mabati. Hazioni katika nauli, chakula na dawa za mji ambao, tangu mwaka 2018, unatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Hiyo ni ndogo kuliko yetu, lakini inatozwa juu ya bei ambazo tayari ni kubwa. Deni analolisema Mlinzi wa Zamani ni kweli tupu, ila naliona kama tunda la hesabu hiyo mbovu.

#4 Mkulima wa Newala

Mimi nitasema lililo gumu kusemwa. Chanzo ni sisi.

Nilikuwa na mdogo wangu Dubai kwa miaka mitatu. Wote tunaijua kalenda ya huku: korosho zinauzwa kuanzia Oktoba, fedha zinaingia, Januari watu wanajenga na kuoa, na kufikia Machi kila nyumba imekauka. Kuanzia Machi hadi Juni nilikuwa nampigia simu mdogo wangu. Nilimwomba fedha za salfa ya kupulizia mikorosho misimu miwili mfululizo, nikaomba za jando la wanangu, nikaomba za kuezeka upya baada ya upepo. Sikuwahi kumwomba kwa hila, na kila ombi lilikuwa la haki. Hata hivyo, ukiyaweka yote pamoja na ya mama, ya dada zetu wawili na ya shemeji, unaona kwamba yule kijana alikuwa na wake wanne wasiomwonea huruma. Aliporudi nilimwuliza, "Akiba iko wapi?" Akaniangalia, akanyamaza. Nimekuwa nikiukumbuka ule ukimya kila ninaposimama chini ya mikorosho niliyoipulizia kwa fedha zake.

Mleta uzi, kabla ya kuuza shamba, kaeni na mkubaliane nani ataomba nini.

#5 Fundi wa Mikindani (niko Dubai)

Salamu kutoka huku, saa moja mbele yenu.

Naheshimu yaliyosemwa, ila sikubaliani na mpangilio wake. Mimi ni fundi umeme, nilisoma VETA Mtwara, nikafanya vibarua katika kazi za mradi wa gesi. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015 kazi zikaisha, nasi tukabaki na vyeti na viatu vya usalama. Nilikuja huku nikiwa na ujuzi, na hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kila siku. Mwenye ufundi wake mkononi akiona mwajiri hamlipi vizuri, anatafuta mwingine. Anayekuja na nguvu tu hushindana na watu wa nchi nyingi walio tayari kupokea kidogo zaidi yake. Mshahara wa mlinzi haupandi kwa sababu nyuma yake kuna foleni.

La pili ni la sheria. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ambayo ni Amri ya Shirikisho namba 33 ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Inamkataza pia kumnyang'anya pasipoti. Saa za kazi zisizidi 48 kwa wiki, likizo ni siku 30 kwa mwaka, na muda wa majaribio hauzidi miezi sita. Sasa najiuliza: viza inalipwa na mwajiri, hiyo milioni tatu na nusu ni ya nini? Pasipoti yetu ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na hutumika miaka 10. Ongeza tiketi ya ndege, kama mwajiri hailipi, na vipimo vya afya. Hesabu haifiki huko. Mdogo wako amwulize wakala kama ana kibali cha serikali cha kutafutia watu ajira nje, kisha akathibitishe kwa TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ambao kazi yao ni kuunganisha watu na ajira za ndani na za nje.

#6 Mlinzi wa Zamani (Lindi)

Fundi, sheria uliyoitaja ilikuja mimi nimekwisha kurudi, nami nafurahi kwamba imekuja. Lakini hata wakati wangu haikuruhusiwa kushika pasipoti ya mtu, na yangu ilikaa kabatini kwa mwajiri miaka yote minne. Nilipoihitaji kwa likizo nilitia sahihi fomu, nikasubiri siku tisa. Kujua sheria ni jambo moja. Kusimama mbele ya mtu ambaye viza yako imeandikwa kwa jina la kampuni yake na kumwambia kwamba anavunja sheria ni jambo jingine, hasa ukikumbuka kwamba kazi ikikatika siku za kuendelea kukaa nchini zinahesabika.

#7 Binti wa Masoko (Kilwa)

Naomba kusahihisha jambo moja katika #5, kwa sababu dada zetu wengi wanaweza kulisoma wakapotoka. Sheria namba 33 haiwagusi wafanyakazi wa majumbani. Wao wana sheria yao, Amri namba 9 ya mwaka 2022, inayompa mfanyakazi wa nyumbani siku ya mapumziko kila wiki, mapumziko ya saa 12 kwa siku ambayo 8 kati yake ziwe mfululizo, na haki ya kukaa na pasipoti yake. Mtu asiende kazi ya ndani akidhani analindwa na ile ya kwanza.

Mimi nilifanya kazi ya nyumbani miaka miwili. Nililipwa kila mwezi bila kukosa, na familia ile haikunipiga wala kunitukana, nataka hilo lieleweke. Lakini niliishi katika mji mkubwa wa kimataifa miaka miwili na nikauona mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara kumi na moja nilitoka nje ya geti kwa ajili yangu mwenyewe. Siku zilizobaki nilijua kuwa ni alasiri kwa namna jua lilivyofika kwenye vigae vya jikoni. Nilipoulizwa kama nataka mkataba wa pili nililia kabla sijajibu, na sikulilia fedha. Nilikuwa nimesahau sauti yangu ninapozungumza na watu wanaonijua. Kwa hiyo, Dada wa Chuno, kwa baadhi yetu jibu la swali lako ni upweke, na upweke hauandikwi katika mkataba.

#8 Mtani wa Songea

Poleni kwa yote, watani zangu. Mimi Mngoni ninaona jibu ni rahisi: mtu wa Kusini mwa pwani hawezi kukaa zaidi ya miaka miwili mahali ambapo hakuna ming'oko ya kuchemsha na mabibo ya kunukia barabarani. Mrudisheni nyumbani ale, ndipo mmwulize habari za akiba.

#9 Binti wa Masoko (Kilwa)

Mtani, wewe kaa na mahindi yako. Ming'oko sikuipata, hilo ni kweli, lakini samaki wa Deira, mtaa wa Dubai, nilimla mara mbili kati ya zile kumi na moja, na nguru wao hawezi kumfikia wa Kilwa.

#10 Mwalimu wa Nachingwea (mstaafu)

Nimesoma kwa makini, vijana wangu. Mnazungumza kana kwamba jambo hili limeanza na ndege. Wazee wetu walikwenda manamba. Mikoa hii yetu ilikuwa miongoni mwa machimbuko ya watu waliochukuliwa kwa mikataba kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda ofisi yao maalumu ya kukusanya vibarua. Mtu alipewa namba, akapandishwa gari au meli, akakata mkonge, akarudi. Babu yangu alirudi na blanketi, sufuria na kikohozi. Nilipokuwa mtoto nililala juu ya lile blanketi.

Kazi ya mkataba popote duniani imepangwa ili mtu arudi. Mwenye kazi anataka mikono ya kijana kwa miaka miwili. Uzee wake, watoto wake na maradhi yake anataka yatunzwe na kijiji alikotoka. Mshahara unakadiriwa kwa tumbo la mtu mmoja, kwa kuwa inajulikana kwamba nyumbani kuna shamba. Ndiyo maana nitamsihi sana mleta uzi: ukiuza hilo shamba, umeuza mahali ambapo mkataba unamtaka mdogo wako arudi. Yapo mapori ya kutosha yaliyokuwa mashamba ya watu. Wapo pia waliokwenda wasirudi, kama Wamakonde wa Kenya, waliotoka Newala wakabaki huko hadi leo.

#11 Msomaji wa Mtanda (Lindi)

Shikamoo, Mwalimu. Nakubali sehemu kubwa, ila kwa ruhusa yako nasahihisha la mwisho. Wamakonde wa Kenya wengi wao asili yao ni Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ingawa njia ya baadhi yao ilipita kwetu. Walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge huko Pwani ya Kenya, wakakaa miongo mingi bila uraia, hadi walipotembea kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai haki hiyo, na mwaka huohuo wakatambuliwa.

Mfano huo unaunga mkono jibu jingine ambalo halijatajwa. Wao walichelewa mno, lakini mwishowe mlango ulikuwapo. Katika Falme za Kiarabu watu tisa kati ya kumi ni wageni, na wengi wao hukaa kwa kibali kinachofungwa na kazi. Mtu anaweza kuishi hapo miaka ishirini, watoto wake wakazaliwa hapo, na bado akawa mtu wa kupita. Anayejua kwamba hatabaki hanunui kitu, hajengi urafiki wa kudumu, wala hajifunzi kazi ya pili. Anaishi kama abiria aliyeketi juu ya begi lake, na siku basi likija anapanda.

#12 Mwana wa Kisiwani (Kilwa)

Msomaji wa Mtanda amenigusa, kwa sababu nasi tuliwahi kuwa na mji wa aina hiyo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliuweka miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri zaidi. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa, vyombo vya China viliuzwa hapa, na Husuni Kubwa, jumba la sultani, bado imesimama nusu yake. Wakati huo Dubai haikuwa na jina la kutajwa, nasi ndio tuliofuatwa na watu wenye mabegi. Wageni waliokuja Kilwa walioa, wakazaa, wakazikwa, na baada ya vizazi viwili hakuna aliyewaita wageni. Lugha tunayoiandika hapa ni ushahidi wao. Ninapowaza kuhusu vijana wetu walioko Dubai, hilo ndilo linaloniuma: wanaujenga mji ambao hautawaita wanawe.

#13 Fundi wa Mikindani (niko Dubai)

Mwana wa Kisiwani ameandika vizuri mno, lakini tusiupake mji rangi moja. Kwanza, ipo viza ya wastaafu kwa mtu aliyefikisha miaka 55 na mwenye mali au kipato kinachotakiwa, na ipo ya muda mrefu ya miaka 10 kwa wawekezaji na wataalamu. Najua kwamba hizo si za mlinzi. Ninazitaja kwa sababu ya ukweli.

Pili, mimi siishi juu ya begi. Siku za mapumziko navuka hori la Dubai kwa abra, mashua ndogo zinazotoza dirham moja, na kila ninapokaa kwenye lile benchi la mbao nakumbuka kivuko cha Msangamkuu. Tuko watu wachache wa Mtwara na Lindi, tunakutana Deira. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wamejipanga kuliko sisi, kwa kuwa wana mashangazi na wajomba Uarabuni tangu zamani. Kijana wa Unguja akikosa kazi analala kwa shangazi mwezi mmoja akitafuta nyingine. Kijana wa Newala akikosa kazi anarudi Newala. Mnisamehe, lakini nikilipima swali la dada kwa macho yangu ya kila siku, hii ndiyo sababu inayonishawishi kuliko zote, kuliko hata ile ya ujuzi niliyoitaja mwanzoni.

#14 Msomaji wa Mtanda (Lindi)

Lindi nayo ina koo zenye nasaba za Oman. Tusiseme sote hatuna mashangazi huko.

#15 Fundi wa Mikindani (niko Dubai)

Kweli. Lakini wangapi kati yao wamempokea kijana wa Ruangwa?

#16 Mama wa Mitwero (Lindi)

Wanangu, mnatafuta kwa nini fedha hazikurudi. Zangu zilirudi, ila hazikufika.

Mwanangu alikaa Dubai miaka mitano. Alituma fedha za kujenga nyumba kwa ndugu wa baba yake, kwa sababu mimi ni mwanamke na ilionekana sitawaweza mafundi. Kila mwezi zilikuja picha za matofali kwenye simu yake. Matofali yale yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa ya kiwanja cha mtu mwingine. Mwanangu alipokuja likizo alikuta msingi wenye majani yanayofika kiunoni. Hakugombana na mtu. Alikaa juu ya ule msingi hadi magharibi, kisha akaniambia, "Mama, nimekuwa nikilala kitanda cha juu miaka mitano kwa ajili ya picha." Sasa mnamwona mjini hapa Lindi na bodaboda ya kukodi, mnasema amerudi mikono mitupu. Msiseme hivyo mbele yangu.

#17 Mkulima wa Newala

Pole sana, mama yangu. Hayo yamenifika.

#18 Mhasibu wa Ligula

Pole, mama. Baada ya maneno hayo naona aibu kurudi kwenye hesabu, lakini kuna moja ambayo inaweza kumsaidia huyu kijana moja kwa moja, nayo ni kiinua mgongo.

Kwa sheria ya huko, aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi hulipwa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Mlinzi wa Zamani, wewe ulilipwa kiasi gani ulipoondoka?

#19 Mlinzi wa Zamani (Lindi)

Nilitarajia dirham 4,200, maana 1,500 kwa siku 21 ni 1,050, mara miaka minne. Nilipewa 2,240. Niliamini nimedhulumiwa, na hadi leo naamini hivyo.

#20 Mhasibu wa Ligula

Ndugu yangu, kwa hilo moja huenda hukudhulumiwa. Zile siku 21 hupigwa kwa mshahara wa msingi, posho hazimo. Gawanya 2,240 kwa miaka minne utapata 560, na hiyo ni siku 21 za mshahara wa msingi wa dirham 800. Bila shaka mkataba wako uliandikwa 800 msingi na 700 posho. Wengi husoma jumla iliyo chini ya karatasi na hawasomi mistari iliyo juu yake.

#21 Mlinzi wa Zamani (Lindi)

Nimekwenda kuutafuta mkataba katika sanduku. Ni 800. Miaka yote hii nilikuwa nimemwekea kinyongo karani aliyenihesabia.

#22 Dada wa Chuno (Mtwara Mjini)

Ahsanteni nyote. Nimesoma kila mchango, na wa Mama wa Mitwero nimeusoma mara tatu.

Leo mjomba amekuja kutoka Newala na basi la asubuhi. Nilimsomea maneno ya Mwalimu wa Nachingwea kuhusu manamba. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba baba yake naye alikuwa na namba, na kwamba aliikumbuka hadi anakufa ilhali umri wake mwenyewe hakuujua. Kuhusu shamba amesema si la mdogo wangu, si langu, wala si lake. Ni la watoto wa dada zake na watoto wa mabinti zao, na yeye amewekwa kulitunza tu. Kuuza hatakubali. Lakini pia hakumkataza kijana kwenda. Amesema kama kazi ni ya kweli, atatoa sehemu ya mauzo yake ya msimu huu, bila riba, kwa tiketi na pasipoti, na siyo kwa wakala. Mama hajaridhika. Anaona tunachelewesha bahati ya mtoto. Dada yangu mkubwa anaona afadhali asiende kabisa.

Kuhusu swali langu la mwanzo, nimepata majibu saba au manane na kila moja linanionyesha mtu ninayemfahamu. Sijui ni lipi la mdogo wangu.

#23 Kijana wa Newala

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye huyo mdogo. Dada alinionyesha uzi jana usiku, nami nimeusoma hadi adhuhuri.

Nina jambo moja la kusema kwa heshima. Mmezungumza kuhusu kurudi, na mmezungumza vizuri, lakini hamjauliza kwa nini ninataka kwenda. Nimemaliza kidato cha nne, nimebeba magunia ghalani kila msimu, nimeendesha bodaboda ya mtu. Kila kazi niliyoifanya hapa ilikuwa ya miezi mitatu, na kila mara niliambiwa nisubiri: nisubiri msimu, nisubiri mradi wa gesi, nisubiri kiwanda cha gesi cha Lindi. Nataka mara moja katika maisha yangu nifanye kazi ambayo mwezi ukiisha mshahara unaingia, niwe mahali ambapo watu wa mataifa yote wanapita mbele yangu nami nawaona. Kama nitarudi bila nyumba, nitakuwa nimeuona mji. Sisemi hilo linatosha, lakini kwangu ni kitu.

Kuhusu shamba, mimi mwenyewe sikutaka liuzwe. Lilikuwa wazo la wakala.

#24 Binti wa Masoko (Kilwa)

Mdogo wangu, nimekuelewa. Hakikisha tu kwamba mkataba unakupa siku ya kuuona huo mji.

#25 Mwalimu wa Nachingwea (mstaafu)

Marahaba, mwanangu. Umesema vema, na ni kweli hatukukuuliza. Je, lugha ya wenzako utakaolinda nao umeanza kujifunza? Maana Kiingereza cha kidato cha nne peke yake hakitatosha, na Kiarabu kidogo ulichokisoma madrasa ni cha sala.

#26 Fundi wa Mikindani (niko Dubai)

Kijana, walinzi wa huku hufanya mafunzo na mtihani, na hupewa leseni na mamlaka ya usalama ya Dubai. Wakati wa joto utasimama mahali penye zaidi ya nyuzi 40, na lile katazo la kufanya kazi juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, uulize kama zamu zenu zinaliheshimu. Nitumie jina la kampuni kwa ujumbe wa faragha. Kesho ni siku yangu ya mapumziko, nitakwenda mwenyewe kuona kama ofisi hiyo ipo. Na uniambie: mshahara wa msingi umeandikwa ngapi?

#27 Kijana wa Newala

Ahsante sana, kaka. Nimekutumia. Karatasi aliyonipa wakala ina jumla tu, dirham 1,800. Nilipompigia leo kumwuliza mstari wa msingi, alisema nitauona nikishafika.

#28 Mlinzi wa Zamani (Lindi)

Na mimi niliambiwa hivyohivyo. Usimpe hata senti hadi Fundi arudi kutoka huko kesho.